Rangi ya Jikoni Iliyokataa Kukauka

Nitaanza na aibu yenyewe, maana nikianzia mbali nitajikuta nimeiruka: mimi, Mama Awino, mtu mzima, mkuu wa jikoni la kanisa, nimewahi kutembea mbele ya mgeni wetu mkubwa kuliko wote nikiwa na sare nyeupe ya wamama, na mgongoni nina alama ya kiganja cha rangi ya manjano, vidole vyote vitano, na chini yake, pale ninapokalia (mniwie radhi), bonge la doa linalong'aa. Sikuwa peke yangu. Tulikuwa wamama kumi na wawili, na hao wengine kumi na mmoja niliwachafua mimi kwa ukaidi wangu, ndiyo maana mkasa huu ni wangu na si wao, na hata leo ukifika mtaani Manyatta, hapa Kisumu, ukamuuliza mama yeyote wa rika langu atakusimulia kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Basi afadhali nisimulie mwenyewe, angalau nisiongezewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati mbuta walikuwa wamejaa ziwani na viwanda vya samaki vikikata mnofu na kuusafirisha, sisi tukibaki na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa na kile kinyama kilichokatalia pale. Usidharau mgongo wazi. Ukijua kuukaanga, mgeni analamba vidole. Na jikoni letu, chumba kidogo cha matofali nyuma ya kanisa chenye dirisha moja na mlango mmoja, lilikuwa limekaangiwa mgongo wazi kwa miaka saba mfululizo, harusi, matanga, semina za vijana, wageni wa kila namna, na mbuta ni samaki wa mafuta, unamkaanga kwa mafuta yake mwenyewe na bado yanabaki ya kesho.

Ufunguo wa chumba hicho nilikuwa nao mimi. Nawaambia haya mjue uzito wake: katika kanisa lile lote, stoo, lango, sanduku la sadaka, huo ndio ufunguo pekee uliokaa mkononi mwa mwanamke. Kabla ya hapo wamama walipika nje kwa mafiga matatu, na mvua ya Kisumu mnaijua, haipigi hodi. Mama Peres, mwenyekiti wetu, alikuwa na kovu kwenye kifundo cha mkono kutokana na sufuria iliyompindukia siku moja walipokuwa wakikimbiza ugali usilowe. Kwa hiyo wanaume walipoanza kunong'ona kwamba chumba kile kitwaliwe, kwetu halikuwa jambo dogo.

Aliyekuwa akinong'ona ni Mzee Obadia, katibu wa kamati. Mzee Obadia alikuwa amepata taipureta. Kuna mtu wa ofisini alimwachia alipostaafu, na tangu siku ile mzee hakutulia, alitaka meza ya kuiwekea, akishapata meza akataka chumba cha kuiwekea meza, na chumba alichokiona ni chetu. Akamwandikia Mwangalizi wa jimbo (kwa taipureta hiyohiyo) kwamba wamama siku hizi wanapika majumbani mwao, chumba kimekaa bure, ni cha kuku na porojo. Mwangalizi akajibu kwamba Jumapili fulani angekuja, angeabudu nasi, kisha angeamua.

Tulikuwa na wiki mbili. Tukakutana, Mama Peres akasema tupake jikoni rangi, mgeni aone ni mahali panapotunzwa. Hapo tulikubaliana wote. Balaa ilikuja kwenye rangi gani.

Mama Peres alitaka nyeupe. Mwingine akasema nyeupe itakula moshi ndani ya wiki, tuchukue kijani. Watu wakamkatalia, kijani ni ya ofisi ya chifu, nani anataka kusonga ugali huku anahisi ameitwa kujieleza? Kuna aliyetaka buluu kwa sababu nzi hawaipendi, na kuna aliyemwambia nzi wa kwake ndio hawaipendi. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni wakasema Mama Awino ndiye mwenye jikoni, aende mjini achague, na chochote atakacholeta tutakipokea.

Jamani, mimi kupewa madaraka namna hiyo. Nilifika kwenye duka la Mhindi wa vifaa vya ujenzi, akanipa kadi yenye vijirangi vidogovidogo, nikasimama nayo mlangoni penye mwanga kwa muda ambao mwenye duka alipata kuhudumia watu sita. Nyeupe niliipita tu. Macho yangu yaliangukia manjano moja iliyokolea, rangi ya kiini cha yai la kienyeji, yai la kuku aliyeshiba. Niliwahi kuiona kwenye jikoni moja Milimani, mtaa wa matajiri, nilikokwenda kumsaidia binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi kule, na nilikuwa nimeibeba moyoni miaka yote hiyo. Nikasema hii. Na iwe ya mafuta, ile inayong'aa, siyo ya maji. Nilitoka na mkebe kichwani, shingo imenyooka, nikapita Kondele nikitamani mtu aniulize nimebeba nini.

Fundi tulikuwa naye kanisani, kijana wa watu, Fundi Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuja kutafuta kazi akabaki. Alikuja Alhamisi na brashi zake. Alipoingia hakufungua hata mkebe. Alipitisha kidole ukutani, juu ya pale tunapoweka jiko, akakitazama kile kidole, akaninyooshea.

"Mama, rangi uko nayo ni mzuri," akasema. "Lakini hii ukuta iko na mafuta. Tuoshe kwanza, maji moto na magadi, tusugue na waya, ikauke, ndio nipake."

Sasa hapo, rafiki zangu, ndipo dunia yangu iligeuka, na iligeukia kwenye neno dogo sana. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa usafi. Kila Jumamosi nilisimama juu ya wale wadada wachanga nikiwaambia sakafu haijang'aa, sufuria ina masizi, rudia. Sakafu yetu ungelalia. Lakini ukuta, nani anatazama ukuta? Kwa miaka saba hakuna aliyeutazama, na leo mwanamume, tena kijana, tena siku tatu kabla ya mgeni, ananionyesha kidole cheusi. Nikiwaita wamama waje kusugua, si ndiyo watajua kwamba mkuu wao wa usafi amekalia mafuta miaka saba? Na Mzee Obadia alikuwa pale nje akizungukazunguka, anapima dirisha kwa macho.

Nikamjibu Fundi kwa sauti ya juu kidogo, ili na wa nje wasikie, kwamba ukuta wangu ni safi, huo ni moshi mkavu tu, apake. Akasema, "Mama, itasumbua." Nikamwambia, "Fundi, wewe paka." Akapaka. Akapaka mikono miwili, yaani tabaka juu ya tabaka, kimya, kama mtu anayemeza dawa chungu kwa kulazimishwa.

Na uzuri wake! Alipomaliza nilisimama mlangoni nikahisi machozi. Chumba kilikuwa kimewaka. Nilifunga mlango nikaweka ufunguo kifuani, nikaenda zangu nyumbani Kaloleni nikiwa mshindi.

Ijumaa nilirudi nikagusa. Ikanata. Nikajiambia ni unyevu wa ziwa. Ijumaa jioni nikagusa tena, ikanata zaidi, na kidole changu kikaacha shimo. Jumamosi asubuhi bado. Fundi alikuwa amekwenda kazi ya Ahero, na hata angekuwepo nisingemwendea, ningeanzia wapi? Ndipo nikapata akili (naziita akili kwa heshima tu). Nikawasha majiko mawili ya makaa, nikayaweka katikati ya chumba, nikafunga dirisha na mlango ili joto likaushe rangi. Nilirudi baada ya saa mbili. Ukuta ulikuwa unatoka jasho. Yale mafuta ya mbuta yaliyolala miaka saba yalikuwa yamepata joto yakaamka, na rangi yangu ya kiini cha yai ilikuwa imelegea juu yake, inang'aa kuliko jana, imeanza kushuka polepole kwa mikunjo. Kwa macho ilipendeza ajabu. Ukiigusa ndipo ungejua.

Sikumwambia mtu. Hilo ndilo ninalojilaumu hadi leo, kwamba nilikuwa na siku nzima ya kusema.

Jumapili wamama walifika mapema kupika, wote na sare, gauni jeupe, kitambaa cheupe kichwani, mshipi wa buluu kiunoni. Nilipowafungulia mlango walipiga vigelegele. Mama Peres mwenyewe, aliyetaka nyeupe, aliniambia, "Mama Awino, adier, kweli kabisa, umetushinda." Ningefurahi kama nisingekuwa nahesabu hatua kati ya kiwiko chake na ukuta. Nikaanza kuwaambia wamama tukae katikati, tusijibanze, hewa ipite. Hewa gani, chumba chenyewe mtu akiinama kugeuza samaki mwingine sharti atoke nje. Walipita kwa ubavu na kwa migongo, wakapeana sufuria juu ya vichwa, na mimi mwenyewe, katika kumkinga mama mmoja asiegemee, nikarudi nyuma nikaegemea. Nilihisi nguo ikibanduka. Mama Peres aliyekuwa ameshika ukuta ili asianguke akanipiga mgongoni kwa upendo, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mambo yatakuwa mazuri. Kila mtu alikuwa akitazama samaki na moto, na moshi umetanda, hakuna aliyetazama mgongo wa mwenzake.

Gari la mgeni likasikika. Tukanawa mikono haraka (wale walioona manjano viganjani walidhani ni bizari), tukakimbia kujipanga langoni. Mwangalizi akashuka, mtu mrefu, suti ya kijivu, mtu asiyecheka ovyo. Tukamwimbia tukiwa tumemwelekea, na kwa mbele tulikuwa safi kama theluji wanayoisimulia wa ng'ambo. Halafu, kama desturi yetu ilivyo, wamama hugeuka na kumtangulia mgeni hadi madhabahuni wakiimba na kucheza. Tukageuka.

Nilisikia kwanza wanaume waliokuwa nyuma yake wakinyamaza. Kisha mtu mmoja akakohoa. Kisha kikohozi kikaenea. Tulipoingia kanisani na kupita katikati ya viti, kila benchi tulilolipita lilianza kutetemeka, watoto wakaonyesha kwa vidole, na sisi tukaongeza sauti tukidhani roho imeshuka. Ni tulipofika mbele, nilipomtazama Mama Peres aliyekuja kusimama mbele yangu, ndipo nikaona mabega yake yote mawili, viwiko, na sehemu ya nyuma, vyote kiini cha yai. Nikatazama wa pili, nikatazama wa tatu. Na nyuma yangu nikasikia mama akiuliza kwa mnong'ono, "Mama Awino, nani amekugusa hapo?" Kama ningekubali nyeupe ya Mama Peres, hakuna ambaye angejua chochote. Nilikaa ibada nzima bila kuegemea kiti, na mahubiri ya siku ile sikumbuki neno.

Baada ya ibada kukawa na kikao, watu wote wakiwa wamekaa. Mzee Obadia akasimama. Alikuwa ameandika karatasi mbili. Akasoma kwamba chumba hakitumiki, kwamba wamama wamepaka rangi juzi ili kumfumba macho mgeni, kwamba hata chakula cha leo kimepikiwa pale kwa maonyesho tu, kisha akainua macho akasema hata hiyo rangi wameshindwa nayo, kila mmoja amejionea. Watu wakacheka. Akaongeza, bado bila karatasi, kwamba labda fundi naye alichanganya rangi na mafuta ya taa ili abaki na nusu mkebe.

Mwangalizi hakucheka. Akasema anataka kuona. Tukaenda sote nyuma ya kanisa, yeye akaingia, akainamia sufuria, akanusa, akasimama, akageuka, na mkono wa koti lake la kijivu ukapita ukutani kuanzia kiwiko hadi bega. Watu wote wakaona. Mzee Obadia alifumba macho, lakini mdomo wake ulikuwa unatabasamu.

Mwangalizi akatazama koti. Akaweka kidole kwenye doa, akakisugua na cha pili, akakinusa. Akauliza fundi ni nani. Fundi Wafula akajitokeza, kofia mkononi. Akaulizwa mbona rangi haijakauka, ameweka nini ndani yake?

Fundi alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Na nikajua kwamba hatasema. Angekubali aitwe mwizi wa rangi mbele ya kanisa zima, na Kisumu nzima ingelisikia, nani angempa kazi tena, kuliko kumvua nguo mama wa kanisa hadharani. Moyo wangu uliniuma kuliko aibu yote ya asubuhi. Nikatoka mbele.

"Jaduong', mzee wetu, huyu kijana hana makosa," nikasema. "Aliniambia nioshe ukuta, nikakataa. Ukuta una mafuta. Niliona haya kusema, kwa sababu mimi ndiye mwenye kutunza usafi hapa."

"Mafuta gani?" Mwangalizi akauliza.

"Ya mbuta."

"Ya leo?"

"Hapana, Jaduong'. Ya miaka saba. Tangu siku tuliyopewa ufunguo."

Mwangalizi akaomba kisu. Mama Peres akampa kile cha kuparia samaki, akakiegemeza ukutani juu ya mahali pa jiko, akakwangua kidogo, na ukatoka utepe mmoja mrefu, juu manjano, chini yake kahawia nzito ya mafuta na moshi, tabaka juu ya tabaka, nene kuliko leso iliyokunjwa. Akautoa nje kwenye jua, ukiwa unaning'inia kwenye kisu, akaushikilia mbele ya Mzee Obadia.

"Katibu, wewe uliniandikia kwamba hapa hapapikwi," akasema taratibu. "Sasa niambie, mafuta haya yaliingia ukutani yenyewe?"

Mzee Obadia akazikunja karatasi zake mbili, akazikunja tena, akazitia mfukoni. Nyuma yangu mtu akasema, "Yawa," kwa mshangao na sauti ndogo, na mwingine akaanza kucheka, safari hii hawakutucheka sisi. Uchafu niliokuwa nimeuficha kwa siku tatu kama dhambi ndio ulikuwa shahidi wetu, na hakuna taipureta duniani ambayo ingeweza kumpinga.

Mwangalizi akaamua palepale, akiwa na koti lake la rangi mbili. Jikoni libaki la wamama, na ufunguo ubaki ulipo. Fundi Wafula akashikwa mkono mbele ya watu wote, akaombwa radhi. Na kwa kuwa kamati ilisema hapa hapapikwi, basi kamati ndiyo itakayouosha ukuta, Jumamosi ijayo, kwa mikono yao wenyewe, ili wasije wakasahau. Vigelegele tulivyopiga, nina hakika vilifika ziwani. Tukala mgongo wazi pale nje, wamama kumi na wawili wenye migongo ya manjano, tumekaa tunawaonyesha watu migongo yetu kwa makusudi.

Somo nililopata ni dogo na nimelishika: sijamwambia fundi yeyote tena kwamba ukuta ni safi kabla sijaupitishia kiganja changu mwenyewe, na neno "sijui" na neno "nimekosea" nayasema mapema siku hizi, kabla watu kumi na mmoja hawajavaa nyeupe.

Jumamosi ile wanaume walikuja. Maji yalichemka, magadi yakamwagwa, suruali zikakunjwa hadi magotini. Sisi tulileta viti tukakaa nje kivulini na chai yetu, na Mama Peres alikuwa akimimina polepole kama mtu asiye na haraka na maisha. Mzee Obadia alipewa ile kona ya juu ya jiko, akapanda stuli, akasugua kwa waya mpaka jasho likamwingia machoni, na ilipokaribia saa sita akashuka, akaja mlangoni akifuta mikono, akaniambia kwa adabu nzuri kwamba sasa ukuta ni safi, Mama, Fundi anaweza kupaka.

Nikaweka kikombe chini. Nikaingia, nikapitisha kiganja changu ukutani, juu hadi chini, nikatoka nacho kwenye mwanga, nikakitazama bila haraka.

"Bado, Mzee," nikamwambia. "Rudia hapa."